Jinsi ya Kuangalia Muda wa Kusubiri Mahojiano ya Viza ya Marekani Kabla ya Kupanga Safari

Kwa anayeomba viza ya Marekani akiwa Nairobi, tarehe ya safari hutegemea kwanza kalenda ya ubalozi ulioko Gigiri. Ndiyo maana inafaa kujua urefu wa foleni ya mahojiano hata kabla ya kuuliza bei ya tiketi. Taarifa hizo hutolewa bure na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani katika tovuti ya travel.state.gov, na hakuna haja ya kumlipa wakala akusomee.

Anza kwa kuhakikisha kwamba pasipoti yako haimo katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi. Amri iliyotolewa Juni 2025 iliwagusa, miongoni mwa wengine, raia wa Somalia na wa Burundi, na nchi nyingine ziliongezwa baadaye. Kadhalika, tangu Septemba 2025 waombaji wa viza za muda wanatakiwa kuomba katika nchi ya uraia wao au wanakoishi, kwa hiyo kukimbilia ubalozi wa nchi jirani kwa sababu foleni yake ni fupi si njia ya mkato tena.

Ukishafungua ukurasa wa muda wa kusubiri, tafuta jina la mji, yaani Nairobi, kisha usome safu inayohusu aina ya viza yako. Wageni wa matembezi na biashara wako chini ya B1/B2. Wanafunzi na washiriki wa programu za mabadilishano wako chini ya F, M na J. Wafanyakazi walioombewa na mwajiri wana safu yao. Kosa la kawaida ni mwanafunzi kusoma safu ya watalii na kukata tamaa bure, kwa kuwa muda wa makundi haya unaweza kutofautiana sana.

Kwa B1/B2 utakuta takwimu mbili, na hapa inafaa kutulia. Ya kwanza ni wastani wa muda ambao watu waliohojiwa mwezi uliopita walisubiri. Ya pili inaonyesha nafasi inayofuata iliyo wazi. Tuseme, kwa mfano tu, wastani ni miezi 3 na nafasi inayofuata ni miezi 5: hesabu mipango yako kwa 5, kwa sababu hiyo ndiyo foleni utakayoingia wewe, ingawa huenda ukapata tarehe ya mapema zaidi ubalozi ukiongeza nafasi au mtu akighairi miadi yake. Takwimu hizi ni makadirio. Tarehe halisi utaiona ndani ya mfumo wa miadi. Tena, hazihesabu uchunguzi wa ziada baada ya mahojiano wala siku za kurudishiwa pasipoti.

Baada ya hapo jaza fomu ya DS-160, yaani fomu ya maombi ya viza inayojazwa mtandaoni. Ukiijazia saiba, nakili namba ya maombi mapema, kwa maana ukurasa hujifunga ukikaa dakika 20 bila kuguswa. Namba ya uthibitisho, inayoanza na AA, lazima ilingane na ile utakayoiandika kwenye miadi. Ada ya viza za matembezi na za wanafunzi imekuwa dola 185 tangu Juni 2023. Hairudishwi, na ukishailipa una siku 365 za kupanga mahojiano.

Chukua tarehe yoyote iliyopo, kisha uendelee kuchungulia mfumo. Ombi la kuharakishwa hupokelewa baada tu ya kulipa ada na kupata miadi ya kawaida, nalo linahitaji sababu nzito yenye ushahidi, kama vile matibabu ya dharura au mazishi. Harusi na mahafali kwa kawaida hazikubaliwi, hata bibi harusi akiwa dada yako wa tumbo moja.

Mwanafunzi anaweza kupewa viza hadi siku 365 kabla ya masomo kuanza, ijapokuwa hataruhusiwa kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe hiyo. Basi asisubiri, aombe mara apatapo fomu ya I-20, ambayo hutolewa na chuo kilichompokea.

Wanaohamia kwa kuombewa na ndugu wasitumie takwimu hizi kabisa. Wao hupangiwa tarehe na Kituo cha Taifa cha Viza baada ya nyaraka zao kukamilika, na kwa makundi yenye kikomo cha idadi ya viza kwa mwaka, zamu hufuatiliwa katika taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi.