Kufuga Mbwa Ukiwa Mwanafunzi wa Chuo: Namna ya Kumzoesha Ratiba Yako

Mwanafunzi anayetaka kufuga mbwa anapaswa kuanza na kalenda ya chuo kabla hajaanza kumtafuta mbwa mwenyewe. Mwaka wa masomo una wiki za mihadhara, majaribio, mitihani ya mwisho wa muhula, likizo na mafunzo kwa vitendo, na kila kipindi kina saa zake za kutoka na kurudi, ilhali mbwa hutulia pale siku zake zinapofanana. Kubweka mchana kutwa, kutafuna viatu na kukojoa kitandani mara nyingi hutokana na tofauti hiyo, wala si ukaidi wa mnyama. Mwongozo huu unamhusu anayepanga chumba mtaani, iwe Changanyikeni jijini Dar es Salaam, Mafiga mjini Morogoro au Ng'ong'ona jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kwa kuwa hosteli za vyuo kwa kawaida haziruhusu wanyama.

Kwanza zungumza na mwenye nyumba, na uzungumze naye kabla mbwa hajafika. Ombi linalotolewa mbwa akiwa tayari amefungwa uani si ombi tena. Nenda jioni akiwa ametulia, useme wazi: "Shikamoo mama. Nina ombi, ningependa kufuga mbwa mmoja. Atalala chumbani kwangu, uchafu wake nitautoa mwenyewe, na chanjo atapata zote." Kisha wapitie wapangaji wenzako mmoja mmoja. Katika nyumba nyingi za uani baadhi ya majirani ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa asifike penye ndoo za maji ya udhu, kamba ya nguo wala mikeka, na akipita uani apite na kamba shingoni. Jirani aliyeelezwa mapema na kuona unatekeleza huwa mvumilivu kuliko unavyotarajia.

Kuhusu mbwa wa kuchukua, mawazo yangu ni tofauti na ya wengi: mwanafunzi angefaidika zaidi na mbwa wa kienyeji aliyekwisha kufikisha mwaka mmoja, ambaye tabia yake inaonekana na ambaye anaweza kuzuia mkojo kwa saa kadhaa, kuliko kitoto kinachouzwa kando ya barabara kwa sifa kwamba ni chotara wa kizungu. Ukiamua kuchukua kitoto, kisiwe chini ya wiki nane, kwa sababu kinachotenganishwa na mama na ndugu zake mapema mno hakijajifunza kuuma kwa kiasi. Kilete mwanzoni mwa muhula, siku ya Ijumaa, wala usikilete mitihani ikiwa imekaribia.

Siku hizo mbili za mwisho wa wiki zitumike kumfundisha kubaki peke yake, jambo ambalo kwa mwanafunzi ni somo kubwa kuliko kukaa chini au kutoa mkono. Mwandalie kona yake yenye gunia au blanketi kuukuu na bakuli zito la maji. Mpe kitu cha kutafuna, kwa mfano kipande cha suruali ya jinzi kilichofungwa fundo, kisha toka bila kumuaga, funga mlango, usimame nje kwa dakika moja na urudi kimya kimya. Rudia kwa dakika tatu, tano, kumi, nusu saa, ukichanganya muda mfupi na mrefu ili asiweze kukisia. Kanuni iliyo ngumu kuifuata ni hii: usifungue mlango wakati analia. Subiri hata pumzi chache za ukimya ndipo uingie, maana ukiingia kwa kilio utakuwa umemfundisha kwamba kilio ndicho kinachofungua mlango, na kesho atalia zaidi. Ikiwa anaanza kulia mapema mno, muda uliompa ni mrefu, punguza. Unapoanza kwenda kwenye mihadhara, acha simu ya zamani ikirekodi sauti chumbani. Rekodi itakuonyesha kama alilia dakika tano na kulala, au alilia saa nzima na sasa unahitaji mtu wa kumtazama mchana.

Mtu huyo utamhitaji kwa vyovyote ikiwa mbwa ni mdogo. Kitoto cha miezi miwili huweza kuzuia mkojo kwa saa mbili hadi tatu tu mchana, hivyo siku yenye vipindi mfululizo haiwezekani bila mwenzako wa chumba cha pili kumtoa. Mpeleke mahali palepale kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, na umsifu papo hapo anapofanikiwa. Akikojoa ndani, kumpiga au kumpaka pua kwenye mkojo hakumfundishi chochote isipokuwa kujificha. Futa, kisha pangusa kwa maji yenye siki ili harufu isimrudishe hapo. Kinyesi kikusanywe kila siku, hasa palipo na watoto wanaocheza pekupeku, kwa kuwa minyoo ya mbwa huambukiza binadamu kupitia udongo.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi, na si kwa uvivu: posho ya Bodi ya Mikopo, yaani bumu, huingia kwa mafungu, nalo fungu likichelewa mbwa hana habari. Siku pesa inapoingia, nunua kwanza unga wa dona na dagaa wa kumtosha hadi fungu linalofuata. Dagaa waoshe kuondoa mchanga na chumvi, uwakaushe, uwakaange bila mafuta na kuwatwanga. Unga huo ukihifadhiwa kwenye kopo kavu hauhitaji friji, na vijiko kadhaa juu ya ugali mlaini wa moto hufanya mlo wenye protini kuliko mabaki matupu ya ugali. Utumbo, maini na mapafu ya buchani yachemshwe hadi yaive kabisa, kwani yakiliwa mabichi huweza kumpa mbwa tegu anayeweza kumletea binadamu uvimbe hatari wenye majimaji kwenye ini na mapafu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kwa ncha kali na kutoboa utumbo, kwa hiyo usimpe. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake, na vidonge vya binadamu kama panadol au ibuprofen vinaweza kumuua. Kitoto kile mara tatu au nne kwa siku, mbwa mzima mara mbili.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kitoto kinapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ile ya parvo, ambayo huua vitoto kwa kuhara damu, huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Muone daktari wa mifugo au ulizia ofisi ya kata kuhusu afisa mifugo. Aliyeko Morogoro ana hospitali ya wanyama pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Kadi ya chanjo itunze pamoja na vyeti vyako. Iwapo mbwa yeyote akikuuma au kumkwaruza mtu, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dawa ya minyoo na kupe fuata kipimo cha uzito. Ikiwa ni jike, jadili mapema kumfunga kizazi, maana akipata joto madume ya mtaa mzima yatahamia getini kwako usiku wa kuamkia mtihani.

Wakati wa mitihani usibadilishe saa yake ya asubuhi. Mtembeze mapema kabla jua halijachoma lami. Mbwa aliyechoka hulala chini ya meza nawe ukasoma. Chaja ya kompyuta ining'inize juu, hasa akiwa na miezi minne hadi sita anapobadilisha meno.

Likizo na mafunzo kwa vitendo vipangwe kabla ya muhula kuisha. Usitegemee kumsafirisha kwa basi la mkoani, kwa sababu akikubaliwa huenda akawekwa kwenye buti, ambamo joto linaweza kumuua njiani. Mtafute mtu anayeishi palepale mwaka mzima, umzoeshe na mbwa kwa wikiendi moja ukiwa hujasafiri, umlipe, na umwachie chakula, kadi ya chanjo, namba ya daktari na karatasi yenye saa za kula. Kwenye karatasi hiyo andika pia jina analoitikia, kwani mlezi anayemwita kwa jina jingine hatapata mbwa wa kumrudisha ndani geti likiachwa wazi.