Jinsi ya kuomba usajili wa klabu ya michezo chuoni na kuiendesha

Watu ishirini wanaokutana uwanjani kila saa kumi na moja jioni wanacheza vizuri tu, lakini kwa chuo bado hawapo. Siku uwanja ukihitajika kwa mahafali au kwa bonanza la kitivo kingine, wataambiwa wasogee, na hawatakuwa na karatasi ya kuonyesha. Usajili ndio unaowapa hiyo karatasi. Ninachoeleza hapa nimekijua nikiwa katibu wa klabu ya mpira wa wavu katika chuo kimoja hapa Tanzania. Majina ya ofisi hutofautiana kidogo kutoka chuo hadi chuo, ila njia ni hiyohiyo.

Ulizeni kwanza kama klabu ilikuwepo

Nendeni kwa afisa michezo wa chuo, au kwa Waziri wa Michezo wa serikali ya wanafunzi (DARUSO pale Mlimani, UDOSO Dodoma, SUASO Morogoro, na kadhalika). Muulizeni kama klabu ya mchezo wenu iliwahi kusajiliwa. Mara nyingi jibu ni ndiyo: ilikuwepo, ikafa, na faili lake bado liko kabatini. Kufufua klabu ni kazi nyepesi kuliko kusajili mpya, kwa sababu katiba ipo na mnachopeleka ni majina ya viongozi wapya. Hapohapo ombeni sheria ndogo za wanafunzi zinazohusu vyama na vilabu. Humo mtakuta idadi ya chini ya waanzilishi na viambatisho vinavyotakiwa.

Kikao cha kuanzisha

Itisheni kikao, chagueni viongozi wa muda, na katibu aandike muhtasari siku hiyohiyo: tarehe, mahali, waliohudhuria, ajenda, maazimio. Azimio la kwanza liseme wazi kwamba wajumbe wamekubaliana kuanzisha klabu, na jina lake ni lipi. Orodha ya waanzilishi iwe na jina kamili, namba ya usajili, programu anayosoma, mwaka wa masomo na saini. Saini zichukueni palepale kikaoni. Sisi tulichapa majina 24 bila saini tukidhani muhtasari unatosha. Faili likarudishwa, na kwa kuwa ilikuwa wiki ya majaribio, ilituchukua siku tisa kuwapata watu wote tena, mmoja maktaba, mwingine maabara, mwingine kaenda kwao.

Mlezi

Mlezi ni mfanyakazi wa chuo, kwa kawaida mhadhiri, anayekubali kwa maandishi kuisimamia klabu. Msitafute cheo. Profesa mwenye safari kila mwezi atawakwamisha, kwa sababu kila barua yenu itapitia mezani kwake. Mhadhiri msaidizi anayeupenda mchezo na anayepokea simu anafaa zaidi. Barua yake ya kukubali iwe fupi, yenye saini na tarehe.

Katiba

Hapa msikimbie. Wengi hunakili katiba ya klabu nyingine na kubadilisha jina, ofisi ikapitisha, kisha shida ikaanza mwaka unaofuata. Vifungu vya kawaida mnavijua: jina na makao, malengo, uanachama, uongozi, vikao na akidi, fedha, mali, nidhamu, marekebisho, na klabu ikivunjika mali iende wapi. Kifungu kinachoiua au kuiokoa klabu ni cha uchaguzi.

Klabu yetu ilipopata barua ya usajili, viongozi wote wanne tulikuwa mwaka wa tatu. Mitihani ilipoisha tukatawanyika, kila mtu kwao. Wavu ulikuja kupatikana miezi minne baadaye chini ya kitanda hosteli, panya wameutoboa katikati. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Katiba yetu haikusema nani anapokea nini, wala lini, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo andikeni hivi. Uchaguzi ufanyike muhula wa pili, angalau wiki nne kabla ya mitihani ya mwisho. Katibu na mweka hazina wasiwe wote wawili wa mwaka wa mwisho. Kila kiongozi awe na msaidizi wa mwaka wa kwanza au wa pili. Kati ya mwenyekiti na makamu wake, mmoja awe mwanamke. Klabu inayoongozwa na wanaume watupu hujikuta haina timu ya wanawake, hata kama wachezaji wapo. Na iandikeni kwa Kiswahili ambacho mwanachama wa mwaka wa kwanza ataelewa bila kuuliza, hata kama chuo chenu kinataka na nakala ya Kiingereza.

Barua ya maombi

Barua iwe ukurasa mmoja, iende kwa Mshauri wa Wanafunzi, ikipitia kwa mlezi na afisa michezo. Baada ya anwani na tarehe, mpangilio ni huu (K.K. ni "kupitia kwa"):

*Mshauri wa Wanafunzi,*
*K.K. Afisa Michezo,*
*K.K. Mlezi wa Klabu.*

*YAH: MAOMBI YA USAJILI WA KLABU YA MPIRA WA WAVU YA WANAFUNZI*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wanafunzi 24 wa chuo hiki tunaomba kusajiliwa kama klabu ya mpira wa wavu kwa wanawake na wanaume. Tumeambatisha katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya waanzilishi yenye saini, barua ya mlezi, na mpango kazi wa mwaka wa masomo pamoja na bajeti yake.*

Kisha majina, vyeo, saini na namba za simu za mwenyekiti na katibu. Toeni nakala mbili za kila kitu. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Msimwachie mtu barua mlangoni. Bila muhuri na tarehe, mkirudi wiki ijayo mtaambiwa haijafika, na hamtakuwa na la kujibu. Muulizeni mhudumu namba ya faili mliyofunguliwa, muiandike nyuma ya nakala yenu. Kila mnapofuatilia, anzeni na namba hiyo.

Kipindi kizuri cha kupeleka ni mwanzoni mwa muhula wa kwanza, mara baada ya usajili wa wanafunzi kutulia. Karibu na mitihani, ofisi ile inahangaika na matatizo mazito kuliko ya wavu.

Uwanja na vifaa

Barua ya usajili ikitoka, andikeni barua ya pili kuomba siku na saa za uwanja. Vifaa ombeni kwa vipimo. Ombi la "vifaa vya michezo" hurudi mikono mitupu, kwa sababu anayelisoma hajui anunue nini. Andikeni kwamba uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9, kwamba wavu hufungwa mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, hivyo mnahitaji nguzo za kupandisha na kushusha, wavu mmoja, mipira sita, na sanduku la huduma ya kwanza. Ofisi ya manunuzi ikipata karatasi kama hiyo inaweza kufanya kazi.

Fedha

Kusanyeni ada wiki bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, linapoingia. Baada ya wiki mbili hakuna mwenye hela. Ada ya shilingi 5,000 kwa wanachama 24 ni 120,000, si haba, lakini msiiweke kwenye simu ya mweka hazina. Fungueni akaunti ya kikundi benki kwa katiba, muhtasari wa kikao kilichoteua watia saini, barua ya utambulisho kutoka chuoni, na vitambulisho vya watia saini hao. Watia saini wawe watatu, pesa itoke kwa saini za wawili, na mlezi awe mmoja wao. Kila mwanachama apewe stakabadhi, hata ya kuandikwa kwa mkono.

Mashindano

Kwa mashindano ya vyuo, njia ni kupitia chuo chenyewe, chini ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu nchini. Klabu yenu hapo ni chimbuko la wachezaji wa timu ya chuo. Kama mnataka kucheza ligi za nje mkiwa klabu inayojitegemea, usajili wa chuo hautoshi. Anzeni kwa afisa michezo wa wilaya, atawaelekeza namna ya kupeleka maombi kwa Msajili wa vyama na vilabu vya michezo, katika Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya 1967. Pelekeni katiba ileile, ila tengenezeni vizuri kifungu cha uanachama, maana mchezaji akihitimu mtahitaji kujua kama bado ni wenu.

Makabidhiano

Wiki ya uchaguzi, viongozi wa zamani na wapya wakae meza moja na mlezi. Daftari la mali lisomwe mstari kwa mstari huku kitu chenyewe kikionekana: mipira mingapi inashika upepo, wavu uko wapi, funguo ya stoo ana nani. Wote wasaini. Siku hiyohiyo peleka barua masjala yenye majina na simu za viongozi wapya, na nyingine benki kubadilisha watia saini kabla wale wa zamani hawajapanda basi.