Jinsi ya kutengeneza fonti ya mwandiko wa mkono, na kuitumia bila kuiharibu

Watu wengi wakitaka kutengeneza fonti ya mwandiko, zile herufi zilizolala na kushikana kama mtu kaandika kwa kalamu ya wino, wanaanzia kwenye herufi kubwa zenye mikia mirefu kwa sababu ndo zinavutia macho. Mi nakushauri uziache mwisho kabisa. Uzuri wa fonti ya hivi uko kwenye maungio, yaani pale a inaposhikana na m, pale w inapoingia kwenye a, ukikosea hapo hata ungeweka madoido kiasi gani msomaji ataona tu kuna kitu hakijakaa sawa.

Kwanza ielewe kalamu. Nibu (ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino) iliyochongoka ukishuka nayo unaikandamiza, mdomo unafunguka na mstari unakuwa mnene, ukipanda unaachia na mstari unakuwa mwembamba kama unywele. Hiyo ndo siri ya mwandiko wa Kiingereza wa karne ya 18 ambao fonti nyingi za kadi zimetokana nao, mfano Snell Roundhand ambayo mchoraji wa fonti Matthew Carter aliichora miaka ya 1960 akifuata mwandiko wa mwalimu wa kuandika wa enzi hizo anaitwa Charles Snell. Kwa hiyo ukiona kwenye mchoro wako mstari unaopanda ni mnene na unaoshuka ni mwembamba, rekebisha haraka, jicho linaligundua hilo hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika nibu.

Andika kwenye karatasi kwanza, tena andika maneno mazima, sio herufi moja moja, maana mkono unabadilisha herufi kulingana na jirani yake. Chagua mlalo mmoja na uushikilie, mwandiko wa aina hii kawaida unalala kama digrii 55 kutoka mstari wa chini. Halafu skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 au zaidi, ingiza kwenye programu ya kuchora fonti, FontForge (ni ya bure) au Glyphs kama unatumia Mac, uchore juu yake. Weka nodi (zile nukta zinazoshikilia mstari) chache, kwenye ncha za mapindo tu, nodi zikijaa mstari unatetemeka. Anza na n na o, ukizipata hizo umeshapata h, m, u, a, d na g kwa sehemu kubwa.

Sasa maungio. Amua kimo kimoja ambacho kila herufi itatokea na herufi inayofuata itapokelea hapo hapo, na uache mkia wa kwanza uingie kidogo ndani ya herufi ya pili ili pasibaki ufa mweupe. Shida inakuja kwa b, o, v na w, hizi zinatokea juu. Na sisi tunaoandika Kiswahili w iko kila mahali, kwa, watu, mwaka, huwezi kuikwepa, kwa hiyo tengeneza a, e na i za pili zinazoanzia juu kisha tumia OpenType (mfumo wa fonti unaobeba sheria za kubadilisha herufi) kuiambia kompyuta ibadilishe yenyewe kila zikifuata w. Fanya hivyo hivyo kwa herufi pacha, saa, choo, kuu, zile mbili zikifanana kabisa unajua hapo hapo ni mashine imeandika. Mchoraji Hermann Zapf kwenye fonti yake ya Zapfino (1998) aliweka maumbo kadhaa kwa herufi moja ndo maana inaonekana kama mkono wa mtu.

Na tafadhali usisahau ng'. Fonti nyingi ukiandika ng'ombe mkia wa g unabaki unaning'inia hewani, alama ya juu inasimama peke yake halafu o inaanza upya kama neno lingine. Ichore ng' kama umbo moja zima, itakuchukua muda lakini inalipa.

Kwenye kutumia, sheria ni ile ile, linda maungio. Usiongeze nafasi kati ya herufi, zinaachana. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa, zile zilichorwa kuanzisha neno tu, zikipangwa pamoja mikia inagongana na hakuna atakayesoma. Kwenye Word nenda sehemu ya fonti, kwenye mipangilio ya juu zaidi, uwashe ligacha (herufi zilizochorwa kama umbo moja) na herufi mbadala, bila hivyo kazi yote uliyofanya haionekani. Itumie kwa majina kwenye kadi ya harusi, cheti, logo, kichwa cha mstari mmoja, ila tarehe, ukumbi na maelezo marefu yaandike kwa fonti ya kawaida iliyotulia. Fonti mbili za mwandiko kwenye kadi moja hapana, zinashindana.

Ukipeleka kuprinti, angalia ile mistari myembamba. Herufi nyeupe juu ya rangi nzito wino unatambaa na kuimeza, kwa hiyo ongeza saizi au chagua fonti yenye mistari minene kidogo. Geuza maandishi kuwa vekta (mchoro wa mistari usiotegemea fonti tena) kabla ya kutuma faili ili kompyuta ya wachapaji isikuwekee fonti nyingine, na kama fonti ni ya mtu mwingine soma leseni yake, nyingi za bure ni kwa matumizi binafsi tu, logo ya biashara inabidi ulipie.