Kuokota makombe ya baharini bila kuua kiumbe
Nenda maji yakishakupwa, ndo makombe yanaonekana vizuri. Ukiokota usikimbilie kutia mfukoni, ligeuze kwanza uchungulie mdomoni, ukiona nyama au kifuniko kigumu kimeziba basi konokono bado mzima, mrudishe palepale ulipomtoa, na ukiona vimiguu vinajikunyata huyo ni kaa kahamia humo, mwachie nyumba yake jamani. Halafu yale yenye umbo la koni na michoro mizuri usiyaguse kabisa, konokono wake ana jino la sumu analolirusha kama mshale na wapo wanaoua mtu, dawa maalumu ya kuua sumu hiyo haipo. Yaliyo matupu loweka kwenye maji baridi, sugua na mswaki. Siki usitie, inakula chokaa na mng'ao unapotea.