Kupima Nyaya za CAN Kabla ya Kulaumu Kontrolo Boksi

Taa za injini, ABS na usukani zikiwaka kwa pamoja, na mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikashindwa kuwasiliana na kontrolo boksi kadhaa (kompyuta ndogo zinazoendesha mifumo ya gari), ni nadra boksi zote hizo kuwa zimekufa siku moja. Shuku kwanza njia zinayoitumia pamoja, yaani mfumo wa CAN, uliotangazwa na Bosch mwaka 1986, ambao hupitisha ujumbe wote katika nyaya mbili zilizosokotwa, CAN-H na CAN-L. Kila ujumbe una namba yake. Boksi mbili zikianza kutuma kwa wakati mmoja, ujumbe wenye namba ndogo hupita na mwingine husubiri.

Zima gari, chomoa terminali hasi ya betri, kisha pima omu kati ya pini namba 6 na 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kusoma kodi, iliyo chini ya dashibodi. Usipime omu betri ikiwa imeungwa, kwa sababu umeme uliomo kwenye nyaya utaipotosha mita. Katika magari mengi kila ncha ya njia hii ina rezista ya omu 120, na kwa kuwa hizo mbili ziko sambamba, mita husoma takriban 60. Ikisoma 120, waya umekatika au boksi yenye rezista moja imechomoka. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Hapo chomoa boksi moja baada ya nyingine huku ukiitazama mita, mpaka usomaji utakapopanda ghafla: huenda shoti iko kwenye boksi hiyo.

Omu zikiwa sawa, rudisha betri, washa swichi na upime kila waya dhidi ya bodi ya gari. Nyaya zikitulia huwa na volti 2.5 zote mbili. Ujumbe unapopita, CAN-H hupanda hadi 3.5 na CAN-L hushuka hadi 1.5, ingawa multimita, ambayo huonyesha wastani tu, itasoma juu kidogo na chini kidogo ya 2.5. Waya unaosoma sifuri huenda umegusa bodi, na unaosoma 12 umegusana na waya wa betri.

Unapounga waya uliokatika, tafadhali usiuache bila kuusokota upya na mwenzake. Msokoto huo ndio unaofanya kelele za umeme ziingie kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, na boksi, ambayo husoma tofauti kati ya nyaya hizo, isidanganyike.

Katika magari mengi ya karibuni, pini za OBD huishia kwenye boksi ya lango, inayotenganisha soketi hiyo na nyaya za ndani. Humo vipimo hivi vifanywe kwenye soketi za ndani, nyuma ya lango hilo.