Mlinganyo wa sambusa na ukwaju

Mlio na vijana wa sekondari nyumbani, jaribuni hili kabla hawajashuka uwanja wa Mkunguni, Lamu, jioni. Mpe shilingi 300 mkononi, si za kwenye karatasi. Tuseme sambusa ni 20, glasi ya ukwaju 50. Aandike 20x + 50y = 300 (x ni idadi ya sambusa, y ya glasi), kisha achore mstari: sambusa 15 kwenye ncha hii, glasi 6 kwenye ncha ile. Ndani ya mstari hela zinabaki. Nje yake ni deni.

Utamu uko kwenye mteremko. Glasi moja inamgharimu sambusa mbili na nusu, na nusu sambusa hakuna anayeuza (wangu aliuliza, akachekwa). Kwa hiyo akitaka kumaliza hela yote anaruka glasi mbili mbili: sambusa 15 bila glasi, 10 kwa 2, 5 kwa 4, au glasi 6 tupu.

Halafu pandisha ukwaju hadi 60. Ncha ya sambusa haitikisiki, ya glasi inashuka hadi 5. Kumwongezea shilingi 100 kuache mwisho, maana hapo mstari unasogea tu mzimamzima, na kijana akishaziona hizo 100 hesabu hasikii tena.