Gari limekufa kwenye ajali: kupata jingine Mbeya
Usiruhusu mabaki yauzwe kabla hujapata ripoti ya polisi na ya ukaguzi wa gari. Bila hizo dai la bima halisogei. Bima ndogo (ya hasara za watu wengine tu) haikulipi chochote kwa gari lako. Bima kubwa hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali, si bei uliyonunulia, na hukata mchango wako, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ukibaki na mabaki, thamani yake nayo hukatwa. Kama gari ni la mkopo, benki huchukua deni lake kwanza.

Ukipata gari la mkononi, lijaribu likiwa limebeba watu, mlima Iwambi kupanda na kushuka. Tazama mshale wa joto, sikiliza giaboksi. Breki zikinuka, mwachie muuzaji. Linganisha namba ya chasisi na kadi, kisha mbadilishe umiliki TRA. Wengi huahirisha hili, wakarithi faini.